Umefika nusu ya riwaya ya kigothi na mzimu hajatokea? Angalia bawaba

Mkuu, umeuliza kama uiache hiyo riwaya ya kigothi, yaani ya kutisha yenye jumba la kale na siri za familia: jumba limeoza, familia imenuna, kurasa zimefika nusu na mzimu hajaonekana. Mimi ya kwanza niliitupa hapohapo ulipokwama. Nikaja kuirudia miaka baadaye, naumwa mafua na sina kingine cha kusoma, ndipo nikajua kosa langu. Nilikuwa naruka maelezo ya nyumba ili niwahi matukio, kumbe matukio yenyewe yamo humohumo.

Jaribu kwanza hadithi fupi ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1839, ile ya kuanguka kwa nyumba ya Usher. Mgeni anafika, anatazama jumba, anaona ufa mwembamba usioonekana kirahisi, umeanzia paani ukashuka kwa kupindapinda hadi kwenye maji ya ziwa. Sentensi moja tu, kisha anaingia ndani. Mwishoni jumba linapasuka kwenye ufa uleule. (Samahani kwa kukumalizia uhondo, ila kichwa cha hadithi kimeshasema linaanguka.) Poe anaeleza kwamba wanakijiji walitumia jina lilelile kwa jumba na kwa familia. Sisi hilo hatuhitaji kuelezwa: nyumba ni kuta, na nyumba ni watu. Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Familia za riwaya hizi hazizibi wala hazijengi, zinatundika picha ya babu juu yake.

Kwa hiyo swali la kubeba si "mzimu yuko wapi". Uliza jumba lilipatikanaje. Aina hii ya riwaya ilianza na kitabu cha Mwingereza Horace Walpole cha mwaka 1764, na tayari siri ilikuwa hiyo: babu wa mwenye ngome alimuua mmiliki halisi akaitwaa. Halafu tazama riwaya ya Jane Eyre, 1847; Jane ni mwalimu anayeishi kwenye jumba la tajiri. Kicheko kinasikika ghorofa ya juu, Jane anaambiwa ni cha mtumishi. Kumbe ni mke wa mwenye nyumba, amefungiwa. Na kwa nini mwenye nyumba alimwoa? Baba yake hakutaka mali igawanywe, yote ikaenda kwa mwana mkubwa; huyu mdogo (jumba alikuja kulirithi baadaye) akatafutiwa bibi harusi wa Jamaika mwenye pauni 30,000. Yaani shamba na jumba vilibaki vizima kwa fedha za mwanamke, kisha mwanamke huyohuyo akafungiwa ndani yake. Akilichoma moto, mimi simlaumu sana.

Siku hizi nasoma na penseli. Nyuma ya kitabu naandika vyumba, nani ana funguo za wapi. Halafu, na hili ndilo lililonisaidia kuliko yote, natafuta kilichotunzwa. Kuoza kila mwandishi anakuweza: kuvu, mapazia yaliyoliwa na nondo, mvua isiyokoma. Wapo wanaojaza kurasa 300 kwa hayo tu na hakuna siri yoyote chini yake. Hizo achana nazo bila huruma. Lakini ile niliyoitupa ilikuwa na jumba ambalo kila mlango unalia, isipokuwa mmoja wa ghorofani. Bawaba zake zilikuwa zimetiwa mafuta. Mara ya kwanza sikuliona kabisa. Mara ya pili nilifunga kitabu nikainuka kuwasha taa.

Rudi ukurasa wa kwanza wa yako, kisha njoo utuambie mlango gani haulii.