Maswali ya Wasomaji: Kuuza mtandaoni bila stoo

SWALI: Nipo Ujiji, Kigoma. Nataka kuuza viatu WhatsApp bila kuweka mzigo. Mteja akilipa, duka la Kariakoo limtumie. Nasikia haihitaji mtaji. Ni kweli? (Msomaji, Ujiji)

JIBU: Stoo huhitaji. Mtaji unahitaji, hayo mengine ni maneno ya matangazo.

Piga hesabu ya mfano: kiatu 18,000, basi 4,000, bodaboda 2,000, makato ya kutuma pesa 1,000. Jumla 25,000. Ukiuza 32,000 unabaki na 7,000. Sasa mteja akikikataa, nauli ya kwenda na kurudi pekee ni 8,000. Faida ya jozi nyingine imeliwa yote. Kwa hiyo chukua malipo ya awali yanayofunika nauli zote mbili, na uwe na akiba ya kurudisha pesa.

Viatu hurudi hasa kwa sababu ya saizi. Namba 42 ya kiwanda hiki si 42 ya kile. Mwambie mteja asimame juu ya karatasi, achore unyayo, apime kisigino hadi kidole kirefu kwa sentimita. Duka nalo lipime soli ya ndani kabla ya kufunga.

Kosa lingine ni kupokea pesa kwa picha ya wiki iliyopita. Kariakoo mzigo unaweza kuisha asubuhi hiyo hiyo. Dai picha mpya, kiatu kikiwa pembeni ya karatasi yenye tarehe ya leo. Wakikwepa, tafuta duka jingine.

Mwisho, kwa upande wa kodi: TIN (namba ya mlipakodi) unapata TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) bila malipo.