Semesta moja Ujerumani, na janga likizuka: jibu kwa mnaouliza kama mwende

Wadogo zangu, kila msimu wa maombi ya programu za kubadilishana wanafunzi ukifika, swali ni lilelile: nimechaguliwa kwenda kusoma semesta moja Ujerumani, je, likitokea gonjwa kama Korona nikiwa huko itakuwaje? Au nisiende kabisa? Tangu homa ya virusi vya Marburg itangazwe Kagera mwezi Machi 2023, kisha tena Januari 2025, wanaouliza wameongezeka, na wazazi nao wanauliza. Najibu kwa yale yaliyowakuta wanafunzi wa kutoka kwetu Tanzania waliokuwa hapa Ujerumani kati ya 2020 na 2022. Sehemu kubwa ya taratibu zilizowabana wakati ule bado zipo, janga liwepo lisiwepo.

Jibu la mkato ni hili. Kama masomo yako yanahitaji maabara, karakana au shamba la majaribio, na una akiba ya kuishi miezi mitatu bila kutegemea posho, nenda. Kama kozi zako zote ni za mihadhara na chuo kimeshatangaza kwamba zitasomwa mtandaoni, omba usogezwe semesta ijayo, na uombe kwa maandishi kabla hujasaini mkataba wa ufadhili. Wakati wa Korona mazoezi ya maabara yalikuwa katika mambo ya mwanzo kuruhusiwa kurudi chuoni, hata wakati kumbi za mihadhara zimefungwa. Mwanafunzi wa kemia alipata alichokifuata. Wa uchumi alilipia chumba Ujerumani ili aangalie video ambazo angeweza kuziangalia Mwanza.

Tuanze na barua, maana wengi waliishia hapo. Machi 2020 Umoja wa Ulaya ulizuia safari zisizo za lazima. Julai 2020 Ujerumani ikawafungulia wanafunzi ambao masomo yao hayawezi kukamilishwa yote wakiwa nje ya nchi, na maneno hayo ndiyo yaliyofungua mlango. Barua ya kawaida ya kukubaliwa chuoni haikutosha. Ilitakiwa barua ya pili kutoka chuo kinachokupokea, yenye kozi, semesta, na sentensi inayotamka wazi kwamba lazima mwanafunzi awepo mwenyewe. Ilikaguliwa wakati wa viza, ikakaguliwa kaunta ya ndege, ikakaguliwa tena mpakani. Iombe iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kijerumani na Kiingereza, kwa sababu mtu wa kaunta pale uwanja wa Julius Nyerere ana foleni ndefu na hatasoma kurasa tatu za Kijerumani. Omba na muhuri. Maofisa wengi wa vyuo vya huku watakwambia muhuri hauhitajiki. Wewe sisitiza kwa heshima, maana safari yako inapita kwenye mikono ya watu ambao kwao karatasi isiyo na muhuri haijakamilika.

Kipimo cha Korona nacho kiliwachanganya watu kwenye hesabu. Mwanzoni mwa 2021, waliotoka nchi zilizowekwa kwenye orodha ya maambukizi makubwa walitakiwa kuwa na majibu ya sampuli iliyochukuliwa ndani ya saa 48 kabla ya kuingia Ujerumani. Kuingia, si kuondoka. Ukipitia Addis Ababa, Doha au Istanbul, safari pamoja na kusubiri inakula saa nyingi, na majibu ya maabara nayo yana muda wake. Kwa hiyo piga hesabu kuanzia saa ya kutua ukirudi nyuma, na uchague ndege yenye kituo kifupi hata kama inazidi bei kidogo.

Karantini ilianza kwa siku 14. Novemba 2020 ikawa siku 10, na uliweza kuikatisha kwa kupima kuanzia siku ya tano. Kikwazo kilikuwa chumba chenyewe: mabweni mengi yana jiko na bafu la pamoja, na mtu wa karantini hawezi kuchangia jiko na wenzake. Mwandikie mwenye bweni mapema umuulize kama ana chumba chenye choo na jiko ndani kwa siku hizo. Fahamu pia kwamba bweni la huku kwa kawaida halikupi shuka, mto, sufuria wala sahani. Fika Jumanne au Jumatano. Ukifika Ijumaa jioni, ofisi ya funguo imefungwa, na Jumapili maduka yote yamefungwa isipokuwa machache ya vituo vya treni. Mwombe mwanafunzi mwenyeji akununulie kabla hujafika: mchele kilo 2, maharage ya kopo sita, mayai 20, mafuta lita 1, vitunguu, chumvi, sabuni. Mtumie na hela yake siku hiyohiyo.

Sasa fundo lililowatesa watu kuliko yote. Ndani ya wiki mbili tangu uhamie, sheria inakutaka ujiandikishe kwenye ofisi ya wakazi ya mji. Wenyewe wanaita Anmeldung. Unakwenda na pasipoti na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba unakaa kwake. Karatasi unayopewa pale ndiyo benki nyingi zinaitaka ili zikufungulie akaunti, na akaunti hiyo ndiyo posho inakoingia. Wakati wa Korona ofisi hizi zilipokea watu kwa miadi tu, na kwenye miji mikubwa miadi ilipatikana baada ya wiki kadhaa. Mwenye nyumba hasubiri. Kodi yake inatakiwa ndani ya siku tatu za kazi za mwanzo wa mwezi. Juu yake kuna dhamana ya chumba, ambayo kisheria inaweza kufika kodi ya miezi mitatu. Na wafadhili wengi hawatoi posho ya kwanza mpaka chuo kinachokupokea kisaini cheti kwamba umefika, wakati ofisi yenyewe inafanyia kazi nyumbani na barua pepe zinajibiwa kwa zamu.

Namna ya kulifungua fundo hilo: weka miadi ya ofisi ya wakazi kwenye tovuti ya mji ukiwa bado nyumbani. Ukiona hakuna nafasi ndani ya wiki mbili, chukua iliyo karibu na uhifadhi picha ya ukurasa wenye tarehe, ili ukiulizwa mbona umechelewa uwe na cha kuonyesha. Zile benki za kwenye simu zinazokutambua kwa video hazipokei pasipoti za kila nchi, kwa hiyo soma orodha yao kabla hujazitegemea. Na uje na fedha taslimu au kadi inayofanya kazi Ulaya, si chini ya euro 1,500. Bila hizo mwezi wa kwanza utaishi kwa kuazima, na wanafunzi wenzako nao hawana.

Kuhusu posho, soma namba kwa makini. Kwa Erasmus+, programu ya Umoja wa Ulaya ya kubadilishana wanafunzi, mwaka 2020 mwanafunzi anayetoka kwetu kuja Ujerumani alipewa euro 850 kwa mwezi, na nauli ya euro 820 kwa umbali wa kilomita 4,000 hadi 7,999, ambamo Dar es Salaam imo. Kiwango ambacho Ujerumani inakiona kinatosha mwanafunzi kuishi kilikuwa euro 853 kwa mwezi mwaka 2020, kikapanda kuwa 861 mwaka 2021, na tangu Septemba 2024 ni 992. Linganisha barua yako ya ufadhili na kiwango kinachotumika mwaka unaoomba viza. Ikipungua hata kidogo, jiandae kuonyesha fedha za ziada.

Kuna kipengele kingine kiliwaumiza watu kimyakimya. Chuo kikisema uanze semesta mtandaoni ukiwa kwenu, kisha uje hali ikitulia, kipindi unachosoma ukiwa nyumbani hakikulipiwa posho ya kujikimu. Ililipwa kuanzia unapokanyaga nchi ya masomo. Ukiwa tayari Ujerumani ukasomea chumbani kwa sababu chuo kimefungwa, hapo posho iliendelea. Kwa hiyo aliyepewa barua ya miezi mitano, akaanza mtandaoni miezi miwili, mkononi alibaki na mitatu. Uliza hili waziwazi na upate jibu la maandishi.

Nataka niseme jambo dogo ambalo linaonekana halina uzito: sanduku la barua. Serikali ya huku bado inazungumza kwa barua za karatasi. Kadi ya bima, namba za siri za benki, miadi ya ofisi ya wageni, hata bili ya ada ya redio na televisheni (euro 17.50 kwa mwezi mwaka 2020, 18.36 tangu Agosti 2021, inayodaiwa kwa kila nyumba hata kama huna televisheni) vinakuja na tarishi. Tarishi anasoma jina lililobandikwa kwenye sanduku. Asipoliona, barua inarudi ilikotoka na wewe hutaarifiwa. Siku ya kwanza kabisa andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, majina yote, ulibandike kwa gundi ya uwazi. Kwetu majina matatu huandikwa kwa mpangilio tofauti kwenye cheti, pasipoti na fomu za chuo. Huku hiyo inasomeka kama watu watatu. Chagua mpangilio wa pasipoti na usiubadilishe popote.

Bima ni rahisi kueleweka. Ile ya safari uliyonunulia viza ni ya mpito tu. Ili uandikishwe chuoni ukiwa na umri chini ya miaka 30, kwa kawaida unahitaji bima ya afya ya umma, iliyokuwa kama euro 110 kwa mwezi wakati wa Korona na sasa imepanda. Soma kama bima ya safari inalipia magonjwa ya mlipuko, kwa sababu nyingine ziliyaondoa. Siku zako kati ya kutua na kuanza kwa bima ya umma lazima zifunikwe na moja kati ya hizo.

Kwenye viza, omba ifunike muda wote wa kukaa kwako, mitihani ikiwemo. Kwenye vyuo vikuu vingi semesta ya baridi rasmi ni Oktoba 1 hadi Machi 31, ya joto ni Aprili 1 hadi Septemba 30, na mitihani mingi hufanyika baada ya mihadhara kwisha. Ukipewa viza fupi, unakuwa na kazi ya kuomba kibali cha ukaazi kwenye ofisi ya wageni, na wakati wa janga ofisi hizo zilitoa karatasi ya muda badala ya kadi. Karatasi hiyo ina visanduku. Kilichotiwa alama kikiwa cha kifungu cha 81 aya ya 4 cha Sheria ya Ukaazi ya Ujerumani, unaweza kutoka nchini na kurudi. Kikiwa cha aya ya 3, ukitoka kwenda msibani hurudi bila viza mpya. Angalia kabla hujakata tiketi.

Masomo yenyewe. Vyumba vingi vya bweni vina intaneti ya waya ukutani na havina Wi-Fi, kwa hiyo nunua kebo ya mita 5, na kipanga njia (router) kidogo kama simu yako nayo inahitaji mtandao. Mitihani ya mtandaoni mara nyingi ilikuwa ya kuandika kwa mkono, kupiga picha, kugeuza kuwa PDF na kupandisha ndani ya dakika chache. Fanya jaribio zima siku moja kabla. Na jambo hili wageni hulikosa kila mwaka: kujiandikisha kozi na kujiandikisha mtihani ni vitu viwili, kila kimoja na tarehe yake. Ukikosa ya pili, umesoma bure. Alama za huku zinakwenda kinyume na zetu, 1.0 ndiyo ya juu na 4.0 ndiyo ya mwisho kufaulu, hivyo hakikisha idara yako imekubali jedwali la kuzigeuza kabla hujaondoka. Krediti 30 ndiyo kawaida ya semesta, lakini kwa mgeni kwenye janga 20 ni nyingi za kutosha.

Upweke siufichi. Desemba Berlin jua linachomoza saa 2 na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni. Weka juu yake maduka yasiyo ya mahitaji ya lazima, maktaba na kumbi zilizofungwa kuanzia Desemba 16, 2020, na chumba kimoja ambamo unalala, unakula na kusoma. Watu wenye akili timamu na imani thabiti waliishiwa nguvu. Taasisi za huduma za wanafunzi zina washauri wa kisaikolojia bila malipo, wengi wao wanazungumza Kiingereza. Weka nafasi wiki ya kwanza unapoona usingizi umekukimbia, kwa sababu foleni ni ndefu. Na toka nje kutembea mchana, hata kama ni nyuzi sifuri.

Chanjo ilileta mtego wake. Tanzania ilipokea Johnson & Johnson Julai 2021, dozi moja, na ilitambuliwa huku. Januari 2022 Ujerumani ikaacha kuihesabu dozi hiyo moja kuwa kamili, na aliyekuwa akiingia mgahawani jana akazuiwa leo. Sheria za janga hubadilika ndani ya wiki. Soma tovuti ya jimbo unaloishi, maana kila jimbo lina zake.

Mwisho ni kurudi. Mwaka 2020 Tanzania ilisitisha ndege za kimataifa kuanzia Aprili 11 hadi Mei 18. Kenya ilifunga Machi 25 hadi Agosti 1, na Uganda haikufungua mpaka Oktoba 1. Nunua tiketi inayobadilishwa tarehe, na jiandikishe ubalozi wetu Berlin ukifika tu. Ukilazimika kukatisha, mkataba wa chumba haukatiki na wewe: soma muda wa notisi, weka risiti zote, kisha omba chuo kilichokutuma kikuombee gharama zisizorudishika. Erasmus+ iliruhusu hilo wakati wa Korona kwa waliokuwa na ushahidi. Kabla ya kuondoka jiondoe kwenye ofisi ya wakazi, la sivyo bili ya redio na bima itaendelea kukufuata. Akaunti ya benki usiifunge siku hiyo. Dhamana ya chumba hurudi baada ya wiki au miezi, na mara nyingi huingizwa kwenye akaunti ya Ulaya tu.