Rais si mwananchi wa kawaida mbele ya Kifungu cha 257

Ndugu yangu, unasema Rais wa Kenya akishachaguliwa na wengi anaweza kuibadilisha Katiba, na anayepinga ni mtu wa upinzani tu. Hapana. Kumbuka BBI (Building Bridges Initiative), ule mpango wa kuibadilisha Katiba. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho kupitia Kifungu cha 257, kwa kuwa njia ile ya kupendekeza marekebisho kwa saini milioni moja za wapiga kura iliachiwa raia. Yeye tayari ana serikali mikononi. Saini ndiyo silaha yetu sisi. Tena BBI ilisukumwa na Uhuru Kenyatta, Rais wa wakati huo, na Raila Odinga pamoja, mahasimu wa uchaguzi wa 2017, kwa hiyo usiniambie ni mambo ya vyama. Ningeipinga hata kama ingeletwa na niliyempigia kura.