Nilinunua kiwanja Saparua nikauziwa mbuzi kwenye gunia

Haupiti mwezi sijapata ujumbe wa kijana wa Unguja au Pemba aliyeko Muscat au Dubai: "Kaka, huko kwenu viwanja vya ufukweni bei gani?" Ameona picha niliyoweka, bahari ya kijani, minazi imeinamia maji, na benki ana vijisenti vinamwasha. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa sauti za dakika saba saba. Jibu lote liko hapa, na aibu yangu ndani yake.

Mimi Mpemba, upande wa Wete. Mke wangu ni mtu wa Saparua, kisiwa kidogo mashariki mwa Ambon, katika Maluku ya Indonesia. Tulikutana Muscat, mimi nauza vipuri vya magari, yeye muuguzi. Mwaka 2017 tukahamia kijijini kwao: msikiti mmoja, bahari mbele, mikarafuu mlimani.

Mikarafuu ndiyo iliyonilevya. Asili ya karafuu ni visiwa hivi vya Maluku. Zilipitia Morisi na Réunion ndipo zikafika Unguja, mwanzoni mwa karne ya 19. Marehemu babu alikuwa akisema karafuu za Pemba zinapakiwa melini kwenda Indonesia kuvutwa, nasi tukidhani anatutania. Kumbe kweli. Sigara yao, kretek, ina karafuu ndani, na ikivutwa unaisikia inapasukapasuka kama chumvi motoni. Siku yangu ya pili kijijini nilikuta karafuu zimeanikwa kando ya barabara, kina mama wamekaa kitako wanachambua makonyo. Nikakaa nikachambua nao. Mikono haijasahau. Wakacheka, wakaniita Abang, yaani kaka, mchana nikaletewa samaki wa mchuzi wa manjano. Nikajiambia basi, nimefika nyumbani, imebaki kununua ardhi.

Lugha nayo inakudanganya. Kiti ni kursi, meza ni meja, bendera ni bendera, sabuni ni sabun, karatasi ni kertas. Wakikujulia hali wanasema "Apa kabar?" na wewe unasikia habari. Miezi mitatu unaongea, unajiona mwenyeji. Halafu unakutana na maneno ya ardhi. Surat si sura, ni barua au karatasi yoyote iliyoandikwa jambo. Hak milik ukiisikia unadhani ni ile hakimiliki yetu ya vitabu na kanda. Kule ndiyo haki ya juu kabisa ya kumiliki ardhi, na wewe mgeni huipati.

Mimi nilikuwa sijui. Muuzaji alikuwa mtu mzima, mpole, anaswali safu ya mbele. Akanionyesha kipande, hatua arobaini kwa ishirini na tano, maji yanafika miguuni. Alikuwa na karatasi tatu: risiti za kodi ya ardhi za miaka sita, surat keterangan, yaani barua ya maelezo, yenye mhuri, na mchoro wa penseli. Nilipouona mhuri moyo ukatulia. (Sisi watu wa pwani tunauheshimu mhuri kuliko tunavyomheshimu aliyeupiga.) Mke wangu alikuwa Ambon, dada yake kajifungua, nami nikataka kumshtukiza kwa jambo jema. Nikatoa karibu nusu ya pesa niliyotoka nayo Muscat, taslimu, sebuleni kwa mtu, juu ya kitambaa cha meza chenye maua.

Wiki ya pili nikaanza kufyeka. Asubuhi moja akaja mzee mmoja, hana haraka, akakaa juu ya gogo, akawasha sigara yake, akaniangalia ninavyotoka jasho. Alipomaliza nusu ya sigara akauliza: "Ale su tanya katong pung basudara di Balanda?" Umeshawauliza ndugu zetu walioko Uholanzi?

Nikasimama na panga mkononi. Uholanzi imeingiaje hapa?

Imeingia hivi. Ardhi nyingi katika visiwa hivi ni ya dati, yaani ya ukoo, na ukoo wanauita mata rumah, jicho la nyumba. Mtu anatumia, anapanda, anajenga, lakini kuuza ni shauri la jicho zima. Mwaka 1951 watu kama 12,500 wa Maluku, askari wa jeshi la kikoloni la Waholanzi na familia zao, walipelekwa Uholanzi, wakazaliana huko, na watoto na wajukuu wao ni wa ukoo uleule. Wengine hawajawahi kukanyaga Saparua, ila sauti yao inahesabiwa. Sahihi ya yule muuzaji wangu ilikuwa sawasawa na mtoto mmoja kuuza shamba la mirathi kabla halijagawiwa. Na mambo haya hayafi kwa uzee: watu bado wanapelekana mahakamani na daftari la dati lililoandikwa mwaka 1814.

Pesa ilirudi kwa miaka miwili, kidogo kidogo, mara nyingine kwa magunia ya karafuu. Haikutimia. Mke wangu aliporudi hakupiga kelele, alicheka, na hilo liliuma zaidi. Yule muuzaji tunapeana mkono kila Ijumaa. Utafanyaje? Kisiwani humpeleki mtu polisi leo wakati kesho ndiye atakayekuvuta mkono kupanda boti.

Sasa, tuseme ukoo mzima ungekubali, Uholanzi hadi Saparua. Bado nisingekuwa na kitu. Sheria ya msingi ya ardhi ya Indonesia ni ya mwaka 1960, na inasema hak milik ni ya raia peke yake. Mtanzania asishangae, kwetu nako mgeni hamiliki ardhi kama mwananchi. Mgeni mwenye kibali cha kuishi anaweza kupata hak pakai, haki ya kutumia kwa miaka maalumu, au akakodi kwa mkataba. Zaidi ya hapo, mstari wa mita 100 kutoka maji yanapojaa kabisa umewekewa ulinzi wa pwani, na kiwanja changu chote kilikuwa ndani ya mstari huo. Yaani nilinunua kitu kisichouzika, kwa mtu asiyeweza kukiuza, mahali pasipojengwa. Mara tatu!

Utakutana na mjuaji atakwambia, "Andika jina la shemeji yako, mkataba wa siri uweke kabatini." Usikubali. Sheria hiyohiyo ya 1960 inabatilisha mpango wowote wa kumpitishia mgeni umiliki kwa mlango wa nyuma, na ardhi inaweza kuangukia serikalini. Shemeji naye ni binadamu, ana wake na madeni.

Wewe uliyeoa au kuolewa huko, hili lisome polepole. Mkiwa hamna mkataba wa kutenganisha mali, kitakachonunuliwa ndani ya ndoa ni chenu wote wawili, na kwa kuwa wewe ni mgeni, hata mwenzio mwenye nchi yake anakwama kupata hak milik. Zamani mkataba huo ulikuwa lazima ufungwe kabla ya ndoa, na sisi tulioana Muscat hatukuwa na habari. Bahati yetu, mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ya Indonesia iliruhusu ufungwe hata baada ya ndoa. Tulikwenda Ambon kwa notaris, mthibitishaji wa mikataba, tukaufunga. Niliona uzito kusaini karatasi inayosema cha mke si changu, lakini ndiyo iliyompa mke wangu uwezo wa kusimama kwenye ardhi ya kwao bila wasiwasi. Na ujue pia: ukirithi hak milik kutoka kwa mwenzio ukiwa bado mgeni, una mwaka mmoja wa kuiachia, kuuza au kumpa mwenye haki. Watoto wanakuwa na uraia wa pande mbili hadi miaka 18, kisha wana muda hadi 21 wa kuchagua.

Risiti za kodi tulizokwisha kuzitaja haziwi hati. Hati ni sertifikat ya ofisi ya taifa ya ardhi, na sehemu nyingi za vijijini haijafika. Haimaanishi ardhi haina mwenyewe. Ina wenyewe wengi mno.

Nifanyeje basi, utauliza. Mimi nakaa kwenye nyumba ya mbao na bati juu ya ardhi ya ukoo wa mke wangu, kwa kikao. Kikao kilichukua saa nne na tukala papeda, uji wa sagu unaovutika kama gundi, unazungushwa kwa vijiti viwili na kumezwa bila kutafunwa. Mara ya kwanza niliutafuna, meza nzima ikanitazama. Waliohusika wote walisema neno lao, na wa Uholanzi wakapigiwa simu ya video, mzee mmoja kule akiwa amevaa koti zito sebuleni kwake. Kisha Bapa Raja, ndivyo anavyoitwa mkuu wa kijiji, akaandika. Sikulipa hata rupia moja ya ardhi. Nyumba ya mbao nilishauriwa, nami nikanung'unika kwa kuwa nilitaka matofali. Tarehe 26 Septemba 2019 tetemeko la 6.5 likapiga. Ambon, Haruku na Seram ndiko kulikoumia zaidi, watu zaidi ya 30 walikufa. Nyumba yetu ililia kama jahazi kwenye mawimbi, ikatulia, sahani mbili zikavunjika. Tangu hapo matofali siyataji.

Ukishakaa usidhani umemaliza. Kuna sasi. Ni mwiko wa msimu: kijiji kinafunga minazi, au samaki wa sehemu fulani, hakuna anayevuna hadi kifunguliwe. Kule Kisiwa Panza kwetu wanafunga miamba ya pweza, ni fikra hiyohiyo, ila hapa inafika hadi mnazi wa uani kwako. Nilikuwa nimeona kuti changa limefungwa kwenye mti nikadhani ni pambo la harusi. Mchana wa jua kali nikaangua dafu mbili. Nilipokuwa nakunywa la pili akatokea kewang, mlinzi wa sasi, kijana ambaye juzi yake tulicheza naye mpira. Hakucheka. Faini nikalipa mbele ya watu, na mama mkwe akanikalisha chini kama mtoto wa chuoni. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu chochote chenye jani, uliza.

Kingine wanachopenda wageni kusahau: mgeni anayelala kijijini anaripoti kwa mkuu ndani ya saa 24. Vibao vimeandikwa, "Tamu 1x24 jam wajib lapor". Haina ubaya, dakika kumi na kikombe cha chai. Na vijiji vya Waislamu na Wakristo hapa vina undugu wa kiapo, pela, wanasaidiana hadi kujenga msikiti na kanisa. Kulikuwa na vita mbaya kati ya 1999 na 2002. Watu hawapendi kuulizwa habari zake na mtu aliyeshuka botini jana. Nyamaza, wenyewe watakusimulia wakitaka.

Safari. Kutoka Jakarta hadi Ambon ni kama saa tatu na nusu za ndege, halafu gari hadi bandari ya Tulehu, kisha boti ya kasi kama saa moja. Panda ya asubuhi, bahari bado haijaamka. Wenyewe wana musim timur na musim barat, msimu wa mashariki na wa magharibi, na wewe mtoto wa kusi na kaskazi utaelewa upesi, ila angalia: wakati sehemu kubwa ya Indonesia iko kwenye kiangazi, Ambon na visiwa vyake ndiyo inanyesha, Mei hadi Agosti, Juni na Julai kupita kiasi. Boti zinaahirishwa. Usikate tiketi ya ndege ya siku hiyohiyo unayovuka; mimi ilinipita moja na sikurudishiwa kitu. Ukiwa na mgonjwa au mama mjamzito, mvushe mapema Ambon. Kijijini kuna puskesmas, kituo cha afya, lakini usiku wa mawimbi hakuna wa kukuvusha. Umeme unanunuliwa kwa tarakimu kama LUKU, na unakatika vilevile.

Saa yako usiigeuze. Ambon iko mbele ya Zanzibar kwa saa sita kamili, kwa hiyo saa iliyobaki na majira ya nyumbani inakusomea Kiswahili: kule kukiwa saa mbili asubuhi, mshale uko juu ya mbili. Nimeivaa hivyo miaka yote, na watu wa forodhani wanadhani saa yangu mbovu.

Na mzigoni tia halua ya Wete, mtungi mkubwa. Mimi nilipeleka kilo mbili, zikaishia kwa watoto kabla hazijafika kwa Bapa Raja, na hadi leo kila nikienda ofisini kwake kugonga mhuri ananiuliza imefika au bado.