Furaha ya wote anaisikia nani?

Swali lenu la wiki hii mnauliza kama tungekubali dunia nzima iishi kwa raha, hakuna njaa hakuna vita, ila gharama yake ni mtoto mmoja asiye na kosa lolote ateseke maisha yake yote. Mi nakataa, na sikatai kwasababu nina huruma kuliko wengine, yani ni hesabu yenyewe naona ina kasoro.

Wanaokubali huwa wanajumlisha. Mabilioni wanacheka, mmoja analia, basi mizani imelala kwa mabilioni. Sawa, sasa nionesheni huyo mtu anayeisikia hiyo furaha ya mabilioni yote kwa pamoja. Hayupo! Mi nasikia yangu na we unasikia yako, hakuna kifua kinachobeba jumla. Ila maumivu ya yule mtoto yapo yote kwenye mwili mmoja, usiku na mchana. Kwahiyo ukipima sawasawa ni mimi nilale vizuri, yeye asilale kabisa, halafu anakuja mwingine na mwingine, kila mmoja na karaha yake ndogo aliyoondolewa, na anayelipa ni yule yule.

Najua kuna atakayeniletea habari za chanjo. Mwaka 1796 kule Uingereza daktari Edward Jenner alimchanja James Phipps, mtoto wa miaka 8, baba yake alikua anamfanyia daktari kazi ya bustani, Jenner akamwekea mtoto usaha wa ndui ya ng'ombe, wiki kadhaa baadae akamwekea ndui yenyewe makusudi aone kama itamshika. Haikumshika, na safari ile ikafika mpaka 1980 dunia ikatangaziwa ndui imekwisha. Nashukuru kama kila mtu anavyoshukuru. Lakini siku ile mtoto ananyoosha mkono mara ya pili hakuna aliyekua na uhakika atapona, na sisi tunasema ilikua sawa kwasababu tu alipona. Daktari angejichoma mwenyewe nisingekua na neno. Kujitoa ni kitu kimoja, kutolewa ni kitu kingine kabisa, ila ukisimulia baadae vinafanana sana.

Mfano ninao ndani. Dada yangu mkubwa aliachishwa shule ili sisi watatu tusome. Nyumbani husemwa "dada yenu alijitoa", tena kwa sifa kabisa, na mimi nilikua nalirudia hivyo hivyo bila kufikiria. Siku ya mahafali yangu tulipiga picha ya familia, ninayo mpaka leo, tumebanana wote tunacheka na yeye hayumo, maana ndo aliyekua ameshika kamera.

Mwaka jana nikamuuliza, hivi dada, kwani we uliulizwa? Akacheka. Akasema alirudi tu jioni akakuta sare yake ipo kwenye cherehani, inapunguzwa imtoshe mdogo wetu.