Kuchakaza Behewa la Mizigo la Modeli Bila Kuliharibia Bei

Behewa halisi la mizigo halichakai ovyo. Kila doa lina chanzo. Viatu vya breki vya chuma husagika, na chembe zake hutua kwenye bogi (fremu ndogo zinazobeba magurudumu) na chasisi zikashika kutu. Ndiyo maana sehemu ya chini huwa ya kahawia hata kama ubavu bado una rangi nzuri. Maji ya mvua huteremka kutoka ukingo wa paa. Behewa la wazi la makaa huumia zaidi ndani kuliko nje, kwa kuwa mzigo hukwangua rangi kila linapopakiwa na kupakuliwa. Kabla ya kugusa brashi, tafuta picha za behewa la aina hiyohiyo na utazame maji na vumbi vilipita wapi.

Fikiria pia skeli, yaani uwiano wa modeli na behewa halisi. Kwenye HO, yaani 1:87, mchirizi wa kutu wenye upana wa milimita 1 ni karibu sentimita 9 kwenye behewa halisi. Kwenye N ya 1:160 ni sentimita 16. Mchirizi wa namna hiyo hauonekani kama kutu, unaonekana kama rangi iliyomwagika. Tumia brashi nyembamba kuliko unavyodhani inafaa.

Toa magurudumu, na viunganishi pia kama vinachomoka. Osha bodi kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, acha ikauke usiku kucha, kisha ishike kwa glavu, maana mafuta ya vidole huzuia rangi kushika. Kuiga rangi iliyopaushwa na jua ni rahisi: chukua nyeupe ya akriliki iliyotiwa kidogo ya rangi ya behewa, sehemu 1 kwa sehemu 9 za kimiminika cha kuipunguza, pulizia tabaka moja jembamba. Maandishi nayo yapauke. Yakibaki meupe pe juu ya bodi iliyofifia, jicho linagundua mara moja.

Kazi ngumu iko kwenye uchafu wa majimaji, yaani rangi iliyozimuliwa sana inayoiga uchafu. Kwanza pulizia vanishi ya akriliki inayong'aa au yenye mng'ao wa wastani, uiache ikauke kabisa. Juu ya vanishi isiyong'aa, uchafu hunasa palepale unapotua na kuacha madoa. Juu ya inayong'aa hukimbilia kwenye ribiti na maungio, mahali pake halisi. Rangi ya mafuta ya kahawia iliyokoza, ukubwa wa punje ya mchele, inatosha kijiko cha chai cha waiti spiriti. Ijaribu chini ya chasisi kwanza. Ipake, subiri dakika 10 hadi 20, kisha futa kwa brashi bapa yenye unyevu kidogo tu, kutoka juu kwenda chini, siku zote chini. Ukifuta kwa mlalo, alama zitabaki. Paneli ya namba isafishe zaidi: wafanyakazi wa reli huifuta kweli ili waisome, na mnunuzi naye anataka kuisoma.

Unga wa rangi huja baada ya vanishi isiyong'aa, kwa sababu unahitaji uso wenye mkwaruzo. Hapa wengi hukata tamaa: vanishi ya mwisho humeza unga, na kilichopendeza kinatoweka. Pulizia ukungu mwepesi mara mbili tatu badala ya tabaka moja zito, ongeza unga, pulizia tena. Usiuache bila kufungwa kwa vanishi kwenye behewa la kuuza, utaishia kwenye vidole vya mnunuzi. Ukilowanisha unga kwa alkoholi nayo ikaacha ukungu mweupe juu ya vanishi, mpulizo mwingine mwembamba wa vanishi mara nyingi huuondoa. Usipulizie hewa ikiwa na unyevu mwingi, vanishi itageuka nyeupe.

Magurudumu yapake rangi usoni na kwenye ekseli tu. Sehemu inayokanyaga reli iwe chuma kitupu, na ncha za ekseli zisiguswe kabisa. Tone dogo la rangi pale linatosha kulifanya behewa likokote. Lijaribu kwenye mteremko mdogo kabla ya kulipiga picha.

Kwa kuuza, uchakavu mwepesi una wanunuzi wengi kuliko mzito. Mabehewa matatu ya aina moja yachakae kwa viwango tofauti, maana treni halisi haichakai sare. Toleo adimu liache lilivyo. Mkusanyaji hulilipia kwa usafi wake. Kwenye tangazo sema wazi kwamba kazi si ya kiwandani, na onyesha pande zote mbili, miisho na chini, kwa mwanga wa mchana. Tunza boksi na vipuri vyake vidogo, na usilirudishe behewa ndani kabla ya saa 48, kwani vanishi mbichi hunata kwenye sponji na kung'oka nayo.