Re: Hedifoni za ohm 250, sauti chini kwenye simu

Habari mkuu. Umesema hedifoni zako, DT 770 Pro za ohm 250 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme), ukizichomeka kwenye simu, hata ukipandisha sauti mpaka mwisho, iko chini na besi hakuna. Unauliza uziuze au ununue amplifaya.

Usiuze. Umesema unaimba kwaya hapo Iringa, basi Jumapili baada ya ibada omba uchomeke kwenye mixa. Tundu lake ni lile nene la milimita 6.35, kwa hiyo beba ile adapta ya kufungia kwa skrubu. Zikilia vizuri pale, hedifoni ni nzima, simu ndiyo haina nguvu.

Besi ikigoma hata kwenye mixa, tazama sponji za masikio. Za kwangu nilizinunua mtumba Mwanjelwa, sponji zimelala kama chapati ya jana. Wiki mbili nalaumu simu! Siku moja nikazikandamiza kwa viganja, besi ikaja yote. Kumbe hewa ilikuwa inavuja pembeni. Hata miwani huleta shida hiyo.

Kama ni simu, amplifaya kubwa ya nini? Tafuta DAC ndogo ya USB-C, yaani kidude cha kuchomeka kwenye simu kinachogeuza sauti ya kidijitali kuwa umeme wa hedifoni, inayotoa walau volti 2. Ohm 250 zinataka volti, maneno mengine ya kwenye boksi achana nayo. Mimi natumia ya hivyo na sifiki mwisho wa sauti. DAC za bluetooth sijawahi kutumia, wenzangu watakusaidia.

Ukishajaribu kwenye mixa, rudi utuambie.